Jezi za Pwani Katika Nchi ya Pamba

Muulize kijana wa Bariadi kwa nini ni Simba, atakwambia baba yake alikuwa Simba. Muulize baba, atamtaja kaka yake mkubwa, au mjomba, au mwalimu fulani aliyekuwa peke yake na redio kijiji kizima. Ukiendelea kurudi nyuma namna hiyo unafika mahali ambapo hakuna tena Simba wala Yanga, lakini pande mbili zipo vilevile. Historia ya jezi nyekundu na jezi ya kijani mkoani Simiyu naona inafaa ianzie hapo. Ikianzia Kariakoo, kama ilivyo desturi, inabaki haielezi ilikuwaje wakulima na wafugaji walio zaidi ya kilometa elfu moja kutoka Dar es Salaam wakazipokea rangi za vilabu viwili vya mjini kana kwamba walikuwa wakizisubiri.

Katika karne ya 19 Usukuma, ambayo Simiyu ni sehemu yake, ilikuwa na waganga wawili waliokuwa pia manju wa ngoma: Ngika na Gumha. Masimulizi hayakubaliani kuhusu nini hasa kiliwagombanisha. Yanachokubaliana ni kwamba kila mmoja alidai dawa yake inaishinda ya mwenzake, na kwamba shauri hilo lilipelekwa uwanjani. Wacheze siku moja, mahali pamoja, kila mtu na watu wake, na atakayevuta watu wengi zaidi ndiye mwenye dawa. Wafuasi wa Ngika wakaitwa Bagika, wa Gumha wakaitwa Bagalu. Waasisi walikufa, ushindani ukabaki. Ukaenea vijiji vya Usukuma hadi ikawa vikundi vingi vya ngoma, viwe vya majembe, vya nyoka au vya nungunungu, sharti vijulikane viko upande gani.

Mashindano yenyewe yanastahili kutazamwa kwa karibu. Huanza baada ya mavuno, kuanzia Juni hivi, ghala likiwa limejaa na jua likiwa kali lakini mvua hakuna. Vikundi viwili husimama uwanja mmoja, umbali wa hatua chache, na huanza kupiga ngoma kwa wakati mmoja. Hakuna refa wala filimbi ya mwisho, na majaji hawahitajiki. Watazamaji wamesimama katikati, na wao ndio mizani. Bagika wakitoa kichekesho, umati unasogea upande wao. Bagalu wakileta mtindo mpya, au ningi wao, yaani manju, akianzisha wimbo wa kumchambua mpinzani kwa jina, umati unageuka na kukimbilia huko, vumbi likitimka. Jioni mshindi anaonekana kwa macho: ni yule aliyezungukwa. Ndiyo maana ningi hakuthubutu kufika bila samba, dawa ya kuvuta watu, na ndiyo maana hakuthubutu kufika na wachezaji waliovaa ovyo. Kikundi kilichotoka kimoja, nguo za namna moja, shanga za namna moja, njuga zinazolia pamoja, kilikuwa kimeshapata nusu ya umati kabla ya kufungua kinywa.

Nguo nayo ilikuwa na historia yake. Wanyamwezi na Wasukuma waliokwenda pwani wakiwa wapagazi walirudi na merikani, ile nguo ya pamba iliyofumwa Marekani na kupitia Zanzibar, na kaniki iliyotiwa nili. Nguo ilikuwa mshahara, ilikuwa fedha, ilikuwa mahari. Kuwavisha watu ishirini sare kulikuwa ni kutangaza kwamba nyuma ya ngoma hiyo kuna mali. Njia hizohizo za misafara zilizaa pia utani kati ya watu hao wa bara na Wazaramo, ule uhuru wa kumtukana mtu mchana kweupe na yeye asikasirike. Utani huo utahitajika baadaye katika habari hii.

Wakati huo pwani nayo ilikuwa na pande zake. Miaka ya 1890, Lamu na Mombasa, ilizuka beni, ngoma ya kuiga bendi na majeshi ya Wazungu. Katika Vita Kuu ya Kwanza askari na wapagazi waliisambaza Tanganyika yote, nayo ikawa na makundi mawili makubwa, Marini na Arinoti, yenye sare, vyeo vya kijeshi, na mashindano yaliyowafilisi watu kwa kununua nguo na vyakula vya kumwaibisha mwenzake. Mwanahistoria Terence Ranger aliyeichunguza beni katika kitabu chake cha 1975 alionyesha jinsi watu wa miji mipya walivyoitumia kujipanga na kujijengea heshima. Vijana waliokulia katika miji hiyo ndio walioanza kucheza kabumbu.

Februari 11, 1935, Dar es Salaam, ilianzishwa Young Africans, yaani Yanga. Mwaka mmoja haukuisha vizuri. 1936 baadhi ya wanachama walijitenga na kuunda timu yao, Queens, ambayo baadaye iliitwa Eagles na kisha Sunderland, jina la klabu ya Uingereza inayovaa mistari myekundu na myeupe, na ambayo mwaka huohuo wa 1936 ilitwaa ubingwa wa nchi yake. Wekundu na weupe wakabaki kuwa Sunderland. Kijani na njano zikawa za Yanga. Mwaka 1971, katika wimbi la kuacha majina ya kigeni, Sunderland ikawa Simba. Jina la Kiingereza liliondoka, rangi ya Kiingereza haikuguswa, wala sijapata kusikia mwanachama wa Msimbazi aliyelalamikia hilo.

Mpaka hapo Bariadi ilikuwa inasikia tu. Ilikuwa bado sehemu ya Shinyanga, mkoa uliojulikana kwa ng'ombe na kwa pamba. Tangu 1955, Victoria Federation of Co-operative Unions ya akina Paul Bomani iliwapa wakulima wa kanda ya Ziwa chombo chao cha kuuzia pamba, na fedha ya pamba ilinunua ng'ombe kwanza, kisha baiskeli, bati, na redio. Redio ndiyo ilileta mpira. Alasiri ya Jumamosi watu walikusanyika kwa mwenye redio, na mtangazaji wa Dar es Salaam akawachorea uwanja wasiowahi kuuona. Redio ina tabia moja ambayo wanahistoria wa michezo hawaizungumzii vya kutosha: haionyeshi rangi. Shabiki wa kwanza wa Simba mbugani aliipenda nyekundu kwa kuambiwa.

Kisha ukaja mwaka 1974, na mpira wenyewe ukasogea. Fainali ya Ligi ya Taifa, Simba na Yanga, ilipangwa kuchezwa Mwanza, uwanja wa Nyamagana, Agosti 10. Kwa mtu wa Maswa au Bariadi, Mwanza ni mji wa kwenda hospitali, kuuza, kununua, kumsindikiza mgeni. Sasa ilikuwa imewaletea watani wa jadi nyumbani, tena katikati ya msimu wa kiangazi, pamba ikiwa imeuzwa. Adam Sabu aliifungia Simba mapema, dakika ya 16. Dakika zikayoyoma. Zimebaki tatu mpira kuisha, Gibson Sembuli akasawazisha. Wakaongezwa muda, na dakika ya 97 Sunday Manara akapachika la pili. Yanga mabingwa, 2-1. Wazee wa kanda ya Ziwa hulisimulia pambano hilo mpaka leo, na atakayelisimulia kwa kirefu ni wa Yanga. Wa Simba atakuuliza kama umesikia habari za Julai 19, 1977, Yanga ilipofungwa sita bila jibu.

Rangi zilikuwa zimeonekana kwa macho, lakini kuzivaa lilikuwa jambo lingine. Jezi miaka hiyo zilikuwa mali ya klabu. Zilifuliwa, zikahesabiwa, zikafungiwa kabatini. Shabiki alijitambulisha kwa kadi ya tawi, kwa kitambaa shingoni, kwa kanga ya mkewe ikibahatika kufanana. Hata hivyo mavazi yaliingia ndani ya ugomvi wa mpira kwa njia nyingine. Katikati ya miaka ya 1970 Yanga ilipasuka, na pande mbili za mpasuko huo zilipewa majina kwa viatu vyao: Raizoni, vijana na wasomi waliovaa viatu vya soli ndefu vya mtindo wa wakati huo, na Kandambili, wazee wa klabu na ndala zao. Waliotoka waliunda Pan African mwaka 1976. Jina la Kandambili likawang'ang'ania waliobaki, na watani wa Msimbazi wakalitumia kwa furaha miaka mingi.

Miaka ya mwanzo ya 1980 haina mengi kwa mada hii, kwa sababu nguo zenyewe zilikuwa haba. Mikoa iliyolima pamba ilikosa shuka la kumfunika mtoto. Mwaka 1984 milango ya biashara ilipolegezwa, mitumba ikaanza kumiminika, na ndani ya marobota hayo zilikuja jezi: za vilabu vya Ulaya, za timu za shule za Marekani, za kampuni zisizojulikana. Katika minada ya Usukuma vijana wengi walivaa jezi kwa mara ya kwanza bila kujua ni ya nani. Mtu wa Simba alichagua nyekundu yoyote, wa Yanga kijani yoyote. Mtu aliweza kuvaa rangi ya klabu ya Kijerumani miaka mitano akiamini, na kuaminiwa, kwamba amevaa Yanga.

Televisheni ndiyo iliyoondoa uhuru huo. Tanzania Bara haikuwa na kituo chochote hadi 1994, na hata baada ya hapo Simiyu ilichelewa, kwa kukosa umeme zaidi ya kukosa hamu. Mwaka 2012 Simiyu ikawa mkoa kamili, Bariadi makao makuu, na wilaya tano: Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega. Mwaka uliofuata Azam ilipata haki za kuonyesha Ligi Kuu. 2021 ikazichukua kwa miaka kumi kwa shilingi bilioni 225.6. Vibanda umiza vya kutazamia mpira vikaota kila senta. Sasa shabiki wa Mwanhuzi au Lagangabilili aliona jezi ya msimu huu ina ukosi gani, nembo ya mdhamini iko wapi, mistari imelala au imesimama. Nyekundu yoyote haikutosha tena. Ikawa lazima iwe ile.

Vilabu vilichelewa kuliona soko hilo. Kwa miaka mingi faida ya jezi ilikwenda kwa washonaji na wachuuzi. Mwaka 2021 Simba iliingia mkataba wa jezi wa miaka miwili na kampuni ya Vunjabei, wa shilingi bilioni 2. Mwaka 2025 kampuni ya Jayrutty ikaahidi bilioni 38 kwa miaka mitano. Kwa Yanga, kampuni ya GSM iliyokuwa mdhamini ndiyo ikawa pia mtengenezaji na muuzaji. Uzinduzi wa jezi ukawa tukio la kitaifa: Julai 2023 Simba waliupeleka uzi wao mpya juu ya Mlima Kilimanjaro. Ningi yeyote wa zamani angewaelewa mara moja. Unatoka na kitu ambacho mwenzako hakukifikiria, na umati unageuka.

Chukua gulio lolote la Simiyu leo. Kamba imefungwa kutoka mti hadi nguzo, jezi zimening'inizwa: nyekundu na nyeupe mwisho mmoja, kijani na njano mwisho wa pili, na katikati Arsenal, Manchester na Taifa Stars zikitenganisha wagomvi. Orijino imekaa ndani ya mfuko wa nailoni, haishikwi na mikono michafu. Feki iko wazi. Inatambulika kwa nembo: ya kweli imeshonwa au imebanwa sawasawa, ya feki imebandikwa kwa pasi na kona yake imeshaanza kuinuka. Jina la mchezaji mgongoni litatoka herufi moja moja, na mwenye jezi ataendelea kuivaa hata likibaki nusu. Wa Simba wana tatizo lao la ziada, ile nyeupe, ambayo dongo jeusi la mbuga likishaishika halitoki hata kwa sabuni ya mche. Muuzaji mzuri hana timu. Ukimbana sana, atakuuliza wewe unavaa ipi.

Chuki ya rangi ya mwenzako, nayo, ina historia nzito kuliko mapenzi ya rangi yako. Katika miaka ambayo Vodacom ilidhamini ligi, nembo yake nyekundu iliwekwa kwenye jezi za timu za ligi. Yanga hawakukubali, na kwao ikachapwa nyeusi. Kampuni kubwa ilibadili rangi ya nembo yake ili watu wa Jangwani wasibebe nyekundu. Mgeni anaweza kuliona jambo hilo la kitoto. Anayejua ngoma za Bagika na Bagalu atauliza tu kama kulikuwa na dawa ndani yake, na swali lake si la kipuuzi: mwaka 2003 chama cha soka kilizitoza timu zote mbili faini kwa vitendo vya kishirikina uwanjani siku ya pambano lao. Mashabiki wana jina la heshima kwa watu wa kazi hiyo, kamati ya ufundi.

Kijani kimeleta mkanganyiko wa aina yake. CCM ilipozaliwa Februari 5, 1977, ilichagua kijani na njano, rangi ambazo Yanga ilikuwa tayari nazo, na ukaribu wa Yanga na TANU tangu siku za kudai uhuru uliufanya ulinganifu huo uonekane wa makusudi. Simba hawakuacha kuupigia kelele. Bariadi, ambako hata UDP, chama cha upinzani cha John Cheyo, imewahi kushinda kiti cha ubunge cha Bariadi Mashariki, msimu wa kampeni unamweka mwana-CCM aliye Simba lialia mahali pagumu: fulana ya chama ni ya bure, mpya, na ina rangi ile. Wengi huivaa mkutanoni na kuivua njiani. Wapo wanaoivaa mpaka shambani, lakini kwa maelezo marefu.

Mgawanyiko huu kwa kawaida hauleti damu, na sababu naiona katika ule utani. Novemba 5, 2023, Yanga iliifunga Simba 5-1. Kwa siku kadhaa baada ya kipigo cha namna hiyo jezi za aliyefungwa hupotea mitaani, na anayethubutu kuivaa yake hupigiwa salamu za pole na kila bodaboda anayepita, huulizwa msiba umetokea wapi na mazishi saa ngapi. Anajibu kwa kumbukumbu, kwamba Mei 6, 2012 ilikuwa tano bila. Baba mkwe anaruhusiwa kumwambia mkwe maneno ambayo siku nyingine yangevunja ndoa. Wanaosema Simba na Yanga zimewagawa Watanzania huwa nawauliza wamepata kukaa kijiji gani ambacho hakikuwa kimegawanyika kabla. Tofauti ni kwamba Bagika na Bagalu wa kijiji kimoja walijua nyimbo za kijiji jirani tu, ilhali kijana wa Nyashimo aliyevaa nyekundu akishuka Mtwara anampata ndugu stendi.

Linaloniudhi ni jingine. Simiyu hutoa takriban nusu ya pamba yote ya Tanzania, na sehemu kubwa ya pamba ya nchi hii huuzwa nje ikiwa nyuzi ghafi, haijasokotwa wala kufumwa. Jezi nayo imeacha kuwa ya pamba siku nyingi. Ni poliesta, kitambaa cha mafuta ya petroli, na zaidi hufika kwa meli kutoka Asia. Msimu wa 2019 bei ya pamba ilipangwa kuwa shilingi 1,200 kwa kilo, na wakulima wengi wakakaa miezi wakisubiri kulipwa. Kwa bei hiyo, jezi ya shilingi 36,000 ni kilo 30 za pamba. Kilo thelathini zimepaliliwa, zimepuliziwa dawa, zimechumwa kitumba kwa kitumba na vidole vilivyochanika, zimepangwa kwa usafi ili zisikataliwe kwenye mizani ya chama cha msingi. Mkulima anazitoa na kurudi na kitu kisichonyonya jasho. Nimewasikia wakulima wakiifanya hesabu hiyo wenyewe, kwa sauti, wakiwa tayari wameishika jezi mkononi.

Kalenda inawasaidia wauzaji. Pamba huanza kununuliwa Mei au Juni. Jezi mpya hutoka Julai na Agosti, fedha ikiwa bado inanuka shamba, ngoma za kiangazi zikiwa zimepamba moto. Tamasha la Simba Day, lililoanza 2009, liliwekwa Agosti 8, siku ya wakulima. Yanga nao wana Wiki ya Mwananchi karibu na tarehe hizo. Kati ya 2018 na 2020 maonyesho ya Nane Nane kitaifa yalifanyika viwanja vya Nyakabindi, nje kidogo ya Bariadi. Mbegu, matrekta na ng'ombe wa kisasa viliwekwa kwenye mabanda, ngoma zikapigwa, viongozi wakahutubia, na kati ya umati uliokuja kusikiliza habari za kilimo nyekundu na kijani hazikukosekana.